SHERIA MPYA NA NYUMBA ZA ZAMANI: UHAKIKI WA FIKRA MBILI KUHUSU UKARABATI WA MAJENGO MIJINI

UTANGULIZI

Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024 jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Jengo hili la pili halikuwa jipya. Lilikuwa likitumika, watu walikuwa ndani wakiuza na kununua, na mashuhuda walieleza siku zile kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea.

Si kazi ya makala haya kuhukumu nani alikosa; hiyo ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kuchambua fikra. Kila jengo linapoanguka, wito hutolewa wa kutunga sheria mpya na kali zaidi. Wito huo unaeleweka, lakini mara nyingi wanaoutoa hawatofautishi maafa ya aina ya mwaka 2013 na yale ya aina ya mwaka 2024. Jengo linalojengwa upya huanza na karatasi tupu: mchoro unaweza kurekebishwa kabla ya kumwagwa hata ndoo moja ya zege. Jengo lililokwisha kusimama lina nguzo zake, lina wapangaji wake, lina deni lake na mazoea yake. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya jengo la kwanza haiwezi kulivaa jengo la pili kama shati.

Basi swali ni hili: sheria mpya ya ujenzi inapopitishwa, nyumba za zamani zifanyweje siku mwenyewe anapotaka kuzikarabati? Katika mabaraza, maofisini na hata madarasani tumezoea kusikia majibu mawili. La kwanza linasema kwamba atakayegusa nyumba yake ailete yote kwenye kiwango kipya. La pili linasema kwamba sheria haitazami nyuma, na nyumba iliyosimama miaka yote hiyo iachwe. Tunakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni potofu, na kwamba kosa lao ni moja: yanapima umri wa nyumba na gharama ya kazi, badala ya kupima hatari ambayo kazi hiyo inawaletea watu.

CHIMBUKO LA SHERIA ZA UJENZI

Kabla ya kuhakiki majibu hayo, hapana budi tukumbuke kwamba sheria ya ujenzi haikushuka kutoka mbinguni. Hutungwa na watu, katika jamii fulani, kwa manufaa ya watu fulani.

Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ulitoa amri ya ujenzi kwa mji wa Dar es Salaam. Amri hiyo ilitaka kwamba katika sehemu iliyoteuliwa upande wa mashariki zijengwe nyumba imara za namna ya Kizungu tu. Ukiisoma amri ya namna hiyo haraka haraka utadhani inazungumza juu ya mawe na chokaa. Kumbe inazungumza juu ya watu. Mwafrika hakuhitaji kutajwa kwa jina ili azuiwe. Ilitosha kutaja aina ya ukuta ambao hakuwa na uwezo wa kuujenga. Waingereza waliofuata waliendeleza mgawanyo huo wa mji, na kanuni zao za ujenzi mijini za mwaka 1930 ziliendelea kutajwa katika mambo ya vibali kwa miaka mingi hata baada ya Uhuru. Kariakoo yenyewe, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikua kama mtaa wa Waafrika ndani ya mgawanyo huo.

Katika mtaa huo mwananchi alijenga nyumba anayoiweza: vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo. Alianza na miti na udongo na paa la makuti. Alipopata fedha akaweka bati. Alipopata tena akapiga plasta ya saruji, kisha akabadilisha ukuta mmoja mmoja kuwa wa tofali. Hapa pana jambo la msingi ambalo watungaji wengi wa sheria hulipita. Katika miji yetu ukarabati si jambo la pembeni linalokuja baada ya ujenzi. Kwa wananchi walio wengi ukarabati ndiyo namna yenyewe ya kujenga. Sheria inayoona nyumba mpya kuwa ndiyo kawaida, na ukarabati kuwa ni dharura ndogo ya kuandikiwa aya moja mwishoni, inaitazama hali halisi ya nchi miguu juu kichwa chini.

FIKRA YA KWANZA: "UKIGUSA MOJA, LETA ZOTE"

Wenye fikra ya kwanza wana hoja nzito. Wanasema uhai wa mpangaji wa nyumba ya zamani hauna thamani ndogo kuliko wa mpangaji wa nyumba mpya. Kama sheria mpya inadai ngazi mbili za kutokea wakati wa moto, kwa nini anayeishi katika jengo la mwaka 1950 atosheke na ngazi moja? Hoja hii hatuipingi hata kidogo. Tunapinga hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwamba siku mwenye nyumba anapoomba kibali cha kutengeneza chochote, alazimishwe kutengeneza kila kitu.

Fikra hii imekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, sehemu nyingi zilifuata kanuni ya asilimia. Gharama ya kazi ikizidi asilimia 50 ya thamani ya jengo, jengo lote lilipaswa kufikia kiwango cha jengo jipya. Ikiwa kati ya asilimia 25 na 50, afisa wa majengo ndiye aliyeamua ni kiasi gani. Ikiwa chini ya asilimia 25, masharti yalikuwa mepesi. Kwa karatasi kanuni hii ni safi. Kwa vitendo ilizaa maovu matatu. Kwanza, wenye majengo walizikata kazi vipande vipande ili zisifike kwenye asilimia iliyowekwa. Pili, jengo lililokuwa katika mtaa maskini, ambalo thamani yake ilikuwa imeshuka, lilifika asilimia 50 upesi kuliko jengo la mtaa wa matajiri kwa kazi ile ile. Yaani sheria ilimbana zaidi aliyekuwa na kidogo. Tatu, afisa alipewa uamuzi mpana usio na kipimo, na mwombaji hakujua ataambiwa nini mpaka amekwisha kulipia michoro. Majengo mengi yaliachwa yaoze kwa sababu kuyatengeneza kidogo hakukuruhusiwa na kuyatengeneza yote hakukuwezekana.

Sisi wenyewe tuna funzo letu la karibu zaidi. Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962 liliendesha, katika miaka ya 1960, mpango wa kubomoa nyumba duni na kujenga za kudumu mahali pale pale, Magomeni ikiwa moja ya sehemu hizo. Nia ilikuwa njema. Lakini fedha nyingi zilitumika kuondoa nyumba na kurudisha nyumba, na ongezeko halisi la makazi likawa dogo huku mji ukizidi kujaa. Mwaka 1972 Serikali ilibadili mwelekeo na kuamua kuboresha makazi yaliyopo badala ya kuyavunja. Katika mradi ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese iliwekewa huduma bila ya kubomolewa yote, na viwanja vipya vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Uamuzi huo ulikuwa ni kukiri kwamba kiwango cha juu kisichofikika hakimlindi mwananchi. Humhamisha tu kutoka nyumba mbovu inayoonekana na kumpeleka kwenye nyumba mbovu isiyoonekana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya "leta zote" humjia mtu aliyeshika mwiko na saruji ili azibe ufa wake, ikamwambia: hapana, jenga ukuta kwanza. Mtu huyo hatajenga ukuta. Atasubiri usiku, aite fundi wa mtaani, azibe ufa kwa siri. Na kazi ya siri haikaguliwi na mhandisi yeyote.

FIKRA YA PILI: "ILIYOSIMAMA IACHWE"

Kutokana na ubaya wa fikra ya kwanza, wengine hukimbilia ya pili. Wanasema jengo lililostahimili mvua za miaka 50 limekwisha kutoa ushahidi wake. Sheria mpya na zihusu majengo mapya. Hoja hii hupendwa sana na wenye majengo, wala si ajabu.

Kosa la fikra hii ni kudhani kwamba nyumba iliyosimama jana ndiyo ile ile inayosimama leo. Chuma kilichomo ndani ya zege hupata kutu, hasa pwani penye hewa ya chumvi. Kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Paa likivuja, chokaa ya ukuta wa mawe hulowa na kulegea, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Jengo la Beit el-Ajaib la Zanzibar lilijengwa mwaka 1883, likastahimili hata mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Tarehe 25 Desemba, 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na kuua watu wawili, wakati kazi ya kulikarabati kwa msaada wa Oman ikiendelea. Jengo hilo halikuwa la kificho. Lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kwa hiyo umri si cheti. Zaidi ya hayo, kipindi cha matengenezo chenyewe huwa ni kipindi cha hatari, kwa sababu ndipo kuta zinapotobolewa na uzito unapohamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Aidha, fikra hii haioni kwamba ukarabati wenyewe unaweza kuleta hatari ambayo haikuwapo. Mfano mkubwa wa karne hii uko London. Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 lililokamilika mwaka 1974, lilikaa zaidi ya miaka 40. Likakarabatiwa, na kazi ikamalizika mwaka 2016. Katika kazi hiyo kuta za nje zilivikwa mabamba yenye plastiki inayowaka katikati yake. Tarehe 14 Juni, 2017 moto ulioanzia jikoni katika nyumba moja ulipanda kwa nje na kulizunguka jengo, na watu 72 wakafa. Kanuni za Uingereza zilikwisha kuweka sharti kwamba kazi katika jengo la zamani isilifanye liwe baya kuliko lilivyokuwa. Sharti zuri, lakini halikusimamiwa. Kikundi cha wakaazi kilikuwa kimetoa maonyo juu ya usalama wa jengo hilo kabla ya moto, na hakikusikilizwa. Wakaazi wengi walikuwa watu wa kipato cha chini katika mojawapo ya mitaa ya kitajiri kabisa ya jiji hilo. Tunaona basi kwamba hata penye sheria, swali la nani ana sauti haliondoki.

KIPIMO KIWE HATARI INAYOONGEZWA

Tukizikataa fikra zote mbili, tunabaki na nini? Tunabaki na kazi ya kupambanua. Neno "ukarabati" limebebeshwa mambo mengi yasiyofanana, na sheria isiyoyatenganisha itakuwa kali mahali pasipostahili na laini mahali pa hatari. Sisi tunayagawa katika mafungu manne.

La kwanza ni matengenezo: kubadilisha bati, kuziba ufa wa plasta, kurekebisha bomba na nyaya. Hapa sheria idai kitu kimoja tu, kwamba kinachowekwa kiwe bora au sawa na kilichotolewa. Taarifa kwa mtaa ingetosha.

La pili ni mabadiliko ya ndani: kuvunja ukuta wa kati, kutoboa mlango, kuunganisha vyumba viwili kuwa duka. Hapa lazima ijulikane kama ukuta huo unabeba mzigo au unagawa tu nafasi. Swali hilo hujibiwa na mtu mwenye ujuzi kwa ziara moja, lakini lisipoulizwa linaweza kuangusha sakafu ya juu.

La tatu ni mabadiliko ya matumizi, na hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote kwa kuwa halina kelele za nyundo. Chukua chumba cha kulala kilichogeuzwa stoo. Viwango vya Kiingereza ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa muda mrefu hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Kwa stoo ya kawaida hukadiria takriban kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Mzigo ukipangwa mpaka mita tatu, sakafu inabeba kilo 720, karibu mara tano ya ile iliyokusudiwa. Hakuna tofali lililoguswa, hakuna fundi aliyeitwa, lakini jengo limekwisha kuwa jengo jingine. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hailioni jambo hili kuwa dogo. Inatambua mabadiliko makubwa ya matumizi kuwa ni uendelezaji unaohitaji idhini. Upungufu uko katika macho ya kuyaona.

La nne ni nyongeza: kuongeza ghorofa juu au kuchimba chini. Hapa hakuna huruma. Anayeongeza ghorofa anaongeza mzigo juu ya nguzo na msingi ambao mhandisi wa kwanza hakuukadiria. Anayechimba chini anaondoa udongo unaoushikilia msingi kwa pembeni, na kazi hiyo ikibidi kufanywa hufanywa kwa vipande vifupi vifupi, kimoja kikitegemezwa na kukauka kabla ya kingine kuguswa. Katika fungu hili jengo lote lipimwe kwa kiwango kipya cha uimara, na watu watoke mpaka kazi iishe. Tangu Sheria ya mwaka 2008 iruhusu kumiliki sehemu moja moja za jengo, jambo hili limekuwa na uzito zaidi: mwenye duka la chini anaweza kuwa na hati yake, lakini msingi alionao ni wa wote waliomo juu.

Mgawanyo wa namna hii si ndoto. Jimbo la New Jersey, baada ya kuchoshwa na kanuni ya asilimia tuliyoieleza, lilianza mwaka 1998 kutumia kanuni maalum za ukarabati zinazodai zaidi kadiri kazi inavyozidi kuligeuza jengo, na majimbo mengine yakafuata. Hatusemi tuige maneno yao. Tunasema kwamba hata nchi ya kibepari ilibidi ikubali kwamba gharama si kipimo cha usalama.

NANI ALIPE?

Hata mgawanyo mzuri wa kazi utakwama tusipolijibu swali la gharama. Ngazi ya pili ya moto huchukua nafasi ambayo ingekuwa vyumba vya kupangisha. Uchunguzi wa mhandisi una bei yake. Mwenye jengo akiachiwa peke yake ataupakia mzigo huo katika kodi, na mpangaji asiyeweza atahamia penye hatari kubwa zaidi. Hapo sheria ya kumlinda mpangaji itakuwa imemfukuza.

Historia yetu inatuonya pia upande wa pili. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, mpaka kazi zake zilipounganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Unyonyaji wa kodi ulipigwa vita. Lakini kodi nafuu isiyotengewa fungu la matengenezo hulila jengo polepole. Umiliki wa umma peke yake hauzuii bati kuvuja. Kwa hiyo tunasema: kazi za mafungu mawili ya kwanza zisaidiwe kwa ada ndogo na ushauri wa bure wa wahandisi wa halmashauri, kwa sababu huko ndiko wanyonge waliko. Nyongeza na mabadiliko ya matumizi yanayoleta faida zilipiwe kikamilifu na anayepata faida hiyo.

WAJIBU WA KADA

Baada ya maafa ya Kariakoo, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa lazima, lakini hauwezi kuwa wa kila siku. Anayeona lori la mchanga likishusha usiku ni jirani. Anayesikia nyundo chini ya sakafu ni mpangaji. Anayejua kwamba chumba cha ghorofa ya tatu kimegeuzwa stoo ya vitenge ni mpagazi aliyeipandisha marobota hayo mgongoni. Ujuzi huo wa umma ndio hazina ambayo hakuna ofisi inayoweza kuinunua.

Kada anayeishi katika mtaa hana budi kuujua mgawanyo tuliouonyesha ili aweze kuuliza swali lililo sahihi. Akiona mtu anaezeka bati upya, amwache na pengine amsaidie. Akiona watu wanachimba chini ya jengo lenye watu, asingoje kikao. Akipokea malalamiko ya mpangaji, ayaandike na kuyafikisha, na afuatilie mpaka jibu lirudi, kwa sababu mpangaji anayelalamika huweza kufukuzwa na hilo ndilo linalowanyamazisha wengi. Kinyume cha hayo ni kada anayekiona kibali kama karatasi ya kupatia posho: huyo humsumbua mwenye bati na humpisha mwenye kuchimba.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kuitaka kila nyumba ya zamani ifikie kiwango kipya kwa mpigo mmoja huwasukuma watu kufanya kazi kwa siri au kuacha majengo yaoze. Na kwamba kuiachia nyumba ya zamani kwa sababu ya umri wake ni kufumbia macho kutu, mzigo na tamaa. Sheria ya ujenzi itakayotufaa ni ile itakayoanza na ukarabati kwa kuwa ndiyo hali yetu, itakayopima hatari inayoongezwa na kila kazi, na itakayompa mpangaji haki ya kusema bila ya kupoteza chumba chake. Masharti haya matatu yaende pamoja. Likiondolewa moja, mengine mawili yatabaki katika makabati ya halmashauri, na chini ya majengo yetu watu wataendelea kuchimba.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mtaa unaoishi, taja jengo moja lililobadilishwa matumizi bila kubadilishwa umbo. Ni mzigo gani mpya limebebeshwa, na nani ananufaika?

2. Kwa nini kanuni ya asilimia huwabana zaidi wenye majengo ya thamani ndogo? Eleza kwa mfano wa kazi moja katika nyumba mbili tofauti.

3. Mpangaji akitoa taarifa ya kazi ya hatari na mwenye nyumba akamfukuza, viongozi wa mtaa wana njia gani za kumlinda? Kama hazitoshi, pendekezeni nyingine.